Dawa ya Samiha, Gazeti la Bi Kazija

Msimu wa karafuu hapa Ole hakuna anayekaa bure. Baada ya sala ya alasiri wanawake hukusanyika barazani kwa jirani yangu Bi Kazija. Tunazitenga karafuu na makonyo yake, vile vijiti vinavyozishika, na maneno hayakatiki.

Bi Kazija nampenda, nasema wazi. Kusoma kajifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima. Mwanawe Himid akimletea gazeti kutoka Konde, hutunyamazisha sote atusomee. Herufi kubwa anaziweza. Ndogo zinamuumiza macho, huziacha.

Siku moja alisoma kwa sauti: "Dawa za homoni zaweza kuleta saratani na kiharusi kwa wanawake."

Mkono wa Samiha ukasita. Samiha ni mke wa Himid. Hajafika miaka arubaini, lakini alipasuliwa Unguja, akatolewa kizazi na vifuko vya mayai. Baadaye mwili ukawa unafukuta, usingizi hapati. Daktari akampa vidonge vya homoni, akanawiri, mashaallah.

"Mama, si ndiyo dawa yangu hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo, mwanangu. Iwache leo leo! Nisije nikakuzika."

Samiha akaiacha. Haukupita muda, joto likarudi. Anaamka karowa jasho, viungo vinamuuma, mtoto akimwita anamkemea. Mie nikakasirika.

"We Samiha, kwani gazeti ndilo lililokupasua? Twende kwa Bi Asya!"

Bi Asya ni muuguzi wa kituo chetu cha afya. Bi Kazija akavaa buibui lake, akachukua gazeti na vidonge. "Twendeni sote," alisema.

Bi Asya alilisoma gazeti mpaka chini. Kisha akampigia simu daktari wa Samiha, wakazungumza kwa kirefu.

"Gazeti halikusema uongo," alituambia. "Homoni zina hatari zake. Lakini hapa chini limeeleza. Wanawake waliochunguzwa wengi wamepita miaka sitini. Walianza dawa miaka mingi baada ya hedhi kukatika. Samiha bado kijana. Yeye anarudishiwa kitu ambacho mwili wake ungekuwa bado unakitengeneza. Akikikosa, mifupa yake itadhoofika, hata moyo unaweza kuumia. Daktari anasema aendelee mpaka karibu na umri ambao hedhi hukatika yenyewe. Na asikose kwenda kupimwa."

Samiha akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Kumbe hatari hii si ya nyumbani kwetu."

Bi Kazija akasema, "Ni ya nyumbani kwetu. Mie nami nilikuwa navimeza vidonge hivi."

Sote tukamgeukia.

"Nilimwona mkwe wangu kanawiri, na mie nafukuta usiku. Nikawa najichotea. Kwetu dawa tunaombana kama chumvi, ila mie hata kuomba sikuomba. Siku ile ya gazeti niliogopa, nikaacha. Lakini nilimwambia Samiha tu aache, langu nikalificha. Nisamehe, mwanangu."

Samiha akamshika mkono. "Nimekusamehe, mama."

Bi Asya akampima presha. Ilikuwa juu.

"Kwa umri wako na presha hii, vidonge hivi vingeweza kukuletea kiharusi," alisema. "Umefanya vyema kusema. Dawa huandikiwa mtu mmoja, baada ya kupimwa. Mwengine asiimeze. Kufukuta kwako nako kuna tiba, tutamuona daktari."

Wallahi, sijaona mtu mzima jasiri kama Bi Kazija. Na kumbe alikuwa hajamaliza.

Samiha alirudia dawa yake, usingizi ukarudi, na kicheko chake tukakisikia tena. Bi Kazija akaanza dawa ya presha, na Himid akamnunulia miwani. Alasiri moja barazani akatunyamazisha, akalifungua gazeti lile lile. Akasoma herufi ndogo, pole pole, kidole juu ya mstari. Alipofika kwenye miaka sitini akasimama.

"Hapa ndipo nilipo mie," alisema. Akatueleza yote, hakuficha kitu.

Hakuna aliyecheka. Bi Mgeni, aliyekaa pembeni, akafungua pindo la kanga yake. Akatoa vidonge, akaviweka juu ya mkeka.

"Vya presha hivi, vya dada yangu," alisema. "Mie sijapimwa hata siku moja. Kazija, kesho nipeleke kwa Bi Asya."