Radio ya Koko na Flash ya Baba

Kila asubuhi kabla ya shule, Adolphine alifuta vumbi kwenye radio ya koko yake, mama mzaa mama. Radio hiyo ilikuwa nzito ajabu. Hata leo watu wa mji wa Baraka husema siku ilipoanguka ziwani, samaki walihamia kijiji cha Swima kungoja maji yatulie.

Mwaka ule vita vilikuwa vimefunga njia. Baba alikimbilia ng'ambo, kambini Tanzania, akatuma ujumbe wa sauti ndani ya flash. Lakini kompyuta za mjini ziliporwa zote. Ikabaki kuiwekea radio tundu la USB.

"Kadi ya kusoma flash ninayo," alisema Mama Pulchérie, fundi wa radio. "Mukiiunga kwa betri za radio moja kwa moja ni haraka, lakini betri zinatoa volti tisa, na flash inakula tano tu. Ao mungoje kipande cha kupunguza umeme. Kinafika Alhamisi."

"Tunangoja," alisema Adolphine.

"Tunangoja, mi na we," alijibu rafiki yake Émilienne, mwenye mkono mtulivu wa kuunga nyaya. Basi Adolphine akamwachia vyote, akaenda shambani na koko.

Jumatano alirudi. Flash ilikuwa kimya.

"Ilikuja imekufa," alisema Émilienne, macho chini. "Labda ni maji ya ziwa."

Junior, mwanafunzi mwenzao aliyekuwa hapo, akacheka. "Maji gani ya kutoa moshi? Si ulituita jana tuone fundi mukubwa akiiunga kwa betri moja kwa moja!"

Adolphine hakulia. Moshi haukumuuma kama yale maneno, mi na we.

Akampelekea Mama Pulchérie flash, Émilienne akifuata nyuma. Fundi aliipasua kwa wembe.

"Kipande kidogo ndicho kimeungua. Kumbukumbu iko nzima."

Akatoa kipande kama hicho kwenye flash nyingine mbovu, akakiunga. Alhamisi, baada ya kufunga kipunguza umeme, radio ilikohoa: "Adolphine, baba iko muzima. Jumapili mupande mashua ya Norbert, muje huku, we na koko."

Koko akaketi chini, akilia na kucheka.

"Kukosa, kila muntu anakosa," Mama Pulchérie alimwambia Émilienne. "Ungesema ukweli jana, mwenzako asingelala na huzuni mbili. Ukiharibu kitu cha muntu, mwambie kabla wengine hawajamwambia."

"Unisamehe, Adolphine."

"Bado inaniuma," alisema Adolphine. "Lakini Jumapili uje uniage."