Kitabu cha Stesheni

Kabati la chuma lilikuwa wazi, na kitabu hakikuwemo.

Inspekta alisimama katikati ya ofisi ya stesheni kuukuu, harufu ya rangi mbichi ikimchoma puani. Kwa miezi minane wananchi walikuwa wamejitolea kufyeka nyasi relini, kuziba paa na kupaka rangi. Saa nane mchana wajumbe wa bodi ya majengo ya kale wangefika kuamua kama stesheni ihifadhiwe au ibomolewe. Ushahidi mkubwa wa wananchi ulikuwa kitabu kimoja kinene, kilimoandikwa matukio yote tangu siku stesheni ilipofunguliwa. Sasa ilikuwa saa nne asubuhi, na kitabu kimeota mbawa.

"Nani alikiona mara ya mwisho?"

"Mimi," alisema Mwenyekiti wa kamati, mwanamke mwenye matone ya rangi hadi kwenye nyusi. "Jana jioni. Nilifunga kabati mwenyewe, ufunguo nikautundika kwenye msumari."

"Msumari ambao kila mtu anaujua?"

"Sisi hapa ni ndugu, Afande."

Inspekta hakuliamini neno hilo hata kidogo. Wezi wengi aliowahi kuwatia ndani walikuwa ndugu wa mtu.

"Unamshuku nani?"

"Mkandarasi! Anataka kujenga maduka hapa. Jana alipita, akatucheka."

Mkandarasi aliletwa, amenuna.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Darajani, kazini."

"Na leo alfajiri?"

"Hukohuko. Waulize vibarua wangu. Afande, mimi kitabu cha nini? Jengo lenyewe linaanguka bila msaada wangu."

Vibarua waliulizwa, wakamtetea kwa kauli moja. Inspekta alimwachia shingo upande.

Askari wa alama za vidole aliinuka kutoka kwenye kabati. "Mshikio hauna alama hata moja, Afande. Umeshikwa kwa kitambaa. Kuna nyuzi za pamba zenye grisi zimenasa hapa."

"Na ufunguo?"

"Uko palepale kwenye msumari."

Inspekta alikuna kidevu. Mwizi gani huyu, mjanja wa kuficha vidole, halafu ana adabu ya kurudisha ufunguo? Mlinzi naye aliapa kwamba tangu jana hakuingia mgeni. Basi mwizi alikuwa wa humuhumu. Aliwahoji wanakamati mmojammoja, na kila aliyetoka alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Wa mwisho alikuwa mzee waliyemwita Babu Stesheni. Kabla treni hazijasitishwa, alifanya kazi ya kuvuta nyenzo za ishara, zile zinazomwambia dereva apite au asimame. Hakuna aliyejitolea kumzidi. Inspekta alimkuta juu, kwenye chumba cha ishara, nyenzo za chuma zimejipanga mbele yake zinang'aa.

"Bado zinafanya kazi, Mzee?"

"Hii moja tu."

"Hebu nionyeshe."

Mzee alichomoa kitambaa mfukoni, akauzungushia wenzo, akavuta. Nje, mkono wa ishara uliinuka.

"Kitambaa cha nini?"

"Jasho la kiganja linaleta kutu. Tulifundishwa siku ya kwanza kazini. Siku hizi hata komeo la nyumbani kwangu silishiki mkono mtupu." Alicheka. Inspekta hakucheka.

"Na kabati la chuma?"

Kicheko kilikatika. Mzee alikaa kwenye stuli, akanyoosha kidole kwenye sanduku la zana. Kitabu kilikuwa chini ya spana, kimeviringishwa ndani ya koti lake.

"Baba mdogo?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni. Baba yake, dereva wa treni, alikufa treni yake ilipogongana na ya mizigo hapohapo nje ya stesheni, na ripoti ikasema alilewa akapita ishara nyekundu. Mzee huyu ndiye aliyewatunza yeye na mama yake baada ya msiba, na siku ya harusi ya Mwenyekiti ndiye aliyesimama mahali pa baba.

"Sema, Mzee," alisema Inspekta.

"Ilikuwa kijani. Mimi ndiye niliyempa kijani. Nilidhani treni ya mizigo imeshapita. Stesheni masta aliandika ukweli humo siku ileile, lakini wakubwa wakamtupia lawama marehemu, kwa kuwa marehemu habishi. Nami nikanyamaza."

"Kwa nini uibe leo?"

"Ni kinene, hakuna aliyewahi kufika ukurasa huo, ila leo kingefunguliwa mbele ya watu. Nilitaka kuchana ukurasa mmoja tu. Lakini nikichana, bodi itasema kitabu kimechezewa, na stesheni itakwenda. Nikashindwa kuchana. Nikashindwa na kukirudisha."

"Mama alihama mtaa kwa aibu," Mwenyekiti alisema, machozi yakimtoka. "Mimi shuleni niliitwa mtoto wa mlevi. Na wewe ulikuwa unakuja kutufariji!"

Chini, gari la bodi liliingia. Inspekta alitoa pingu.

"Bado, Afande." Mwenyekiti alikiokota kitabu, akamwekea mzee mapajani. "Utashuka nacho. Utawasomea ukurasa huo kwa sauti. Ukimaliza, wakuchukue."

"Mwanangu..."

"Usiniite hivyo. Kasome kwanza."

Mzee alishuka, Inspekta nyuma yake. Mbele ya bodi na umati wa wananchi alifungua kitabu. Alisoma tarehe, akasoma saa, akasoma rangi ya ishara. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe sauti ilimkauka, ikabidi alirudie, maana watu wa nyuma walisema hawakusikia.