Mkunga Asiyeitwa

Asubuhi ile Yasmina alikuta maji ya beseni yana joto, na jiko lilikuwa bado halijawashwa.

Alidhani ni kazi ya shangazi Kadidja, aliyemlea mumewe Uthmani na aliyeishi nao katika mtaa wa Waislamu mjini Gitega. Lakini Kadidja alikuwa hajarudi kutoka sokoni. Yasmina alitumbukiza mkono, akautoa haraka. Maji yalinuka udongo mbichi.

Mimba yake ilikuwa imetimiza miezi tisa. Ile ya kwanza iliishia hospitali: alipasuliwa, akazinduka akaambiwa mtoto ameshazikwa. Hata uso hakuuona. Akaapa kwamba wa pili atamzalia chumbani mwake, bila dokta, bila muuguzi, bila mkono wa mtu. Uthmani, fundi cherehani asiyependa ugomvi, alimbembeleza mpaka akachoka.

"Mi nataka nimuone anatoka," Yasmina alisema. "Kwa macho yangu. Basi."

"Na damu ikikuja mingi?" Kadidja aliuliza. "We uko na kovu ku tumbo, binti yangu. Dokta alikukataza."

Yasmina akaendelea kukunja nguo za mtoto.

Siku tatu baadaye, Kadidja akianua nguo uani, alisikia kicheko chumbani kwa Yasmina. Kilikuwa kicheko cha chini, cha mwanamke mtu mzima.

"Uko na nani humo?"

"Mkunga," Yasmina alijibu kwa kunong'ona. "Amekuja mwenyewe. Anasema mtu mwingine asiniguse."

Kadidja alisukuma mlango. Yasmina alikuwa peke yake, amelala chali mkekani, tumbo wazi, na juu ya lile kovu palikuwa na alama za vidole vya udongo, virefu kupita vya binadamu.

Uthmani alipoambiwa alikwenda kwa mwalimu Twaha, msomaji wa Kurani aliyejulikana kwa kutoa majini. Twaha akaahidi kuja kesho yake, Ijumaa, baada ya sala.

Uchungu ukatangulia. Wanaume walikuwa msikitini Kadidja aliposikia Yasmina akiugua, akakimbilia mlango ule usio na komeo wala kitasa, akausukuma kwa bega, ukagoma kama ukuta, na ndani mtu akawa anaimba wimbo wa kubembelezea watoto kwa lugha ambayo Kadidja hakupata kuisikia maishani mwake, taratibu, bila kupumua, huku ile harufu ya udongo ikitoka chini ya mlango, na nyuma ya harufu ikafuata damu.

Uthmani na Twaha walimkuta Kadidja amepiga magoti, anasoma Ayatul Kursi kwa sauti iliyokauka.

Twaha aliitazama ile damu. "Aliapa nini huyu?"

"Kwamba atazaa bila mkono wa mtu," Uthmani akasema.

"Basi amekuja asiye mtu." Twaha akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Yasmina! Avunje kiapo mwenye kiapo. Ita mtu!"

Wimbo ukakatika.

"Wataninyang'anya tena," Yasmina alisema kwa shida.

"Mi ndiye nitamshika," Kadidja akalia. "Hatatoka mbele ya macho yako, mwanangu. Naapa."

Kitu kizito kilikwaruza ukuta kutoka juu mpaka chini.

"Shangazi," Yasmina akapiga ukelele. "Kuja! Nisaidie!"

Mlango ukafunguka wenyewe. Mtoto wa kiume alikuwa mkekani, mzima, analia. Mama yake alikuwa amepauka kama majivu. Jirani yao Waziri akawakimbiza hospitali kwa gari lake, Kadidja amempakata mtoto mahali Yasmina angeweza kumwona. Dokta alisema kovu lilianza kuachia. Wangechelewa robo saa tu, wangemzika.

Siku ya saba, Yasmina akiwa amerudi nyumbani, Uthmani alimnyoa mtoto nywele na kutangaza jina: Husni.

Yasmina akamshika Uthmani mkono.

"Ameshaitwa," akasema. "Yule mkunga alimnong'oneza jina sikioni kabla mlango haujafunguka."

"Alimwita nani?"

"Siwezi kulitamka. Nikilitamka atadhani tumemkaribisha."

Mtoto, aliyekuwa usingizini mapajani mwa Kadidja, akafumbua macho, akageuza shingo polepole kuelekea kona tupu ya chumba, akatabasamu kama anayeitikia.