Philomena ni Jina la Bango

Soko la Makola siku hiyo lilifurika watu mpaka unakanyagwa, na bado wewe ndiye unayeomba radhi. Fiifi alisimama mbele ya kibanda chenye bango PHILOMENA VITENGE NA LESI. Dada mwenye gauni la njano alimpa kisogo, khanga begani ikificha mgongo uliopinda.

"Madam Philomena!" Dada akaendelea kukunja vitenge. "Philomena!"

"Wee kaka, utaita mpaka jioni," akajibu bila kugeuka. "Hilo ni jina la bango na la kanisani. Mimi Ekuwa."

"Basi Ekuwa, nikatie yadi sita."

"Za mkeo?"

"Za mama. Mke bado namtafuta."

"Mtafute taratibu, usiniangushie vitambaa."

Wakapendana hivyohivyo, kwa kutaniana. Fiifi alikuwa mtu wa hospitali, mwenye mashine ya kufuatilia mishipa ya fahamu wakati mgongo umefunguliwa. Hakukuwa na mwingine wa kuisoma. Ekuwa alipopangiwa kunyooshwa uti wa mgongo, Fiifi akampigia simu.

"Mpenzi, ya posa tuyaache kwanza mpaka upasuaji upite."

"Ahaa! Unangoja uone kama nitatembea?"

"Ekuwa, nisikilize..."

Simu ikakatwa. Hakupokea tena.

Siku ya siku ikafika. Daktari alipokaza vyuma mgongoni, mawimbi ya mishipa yakazama kwenye skrini ya Fiifi.

"Simama!" Fiifi akapaza sauti. "Mmeongeza dawa?"

"Gesi ya usingizi kidogo, alikuwa anaanza kuamka," akasema Dokta Naa Dei wa usingizi. "Naiondoa. Gesi huzima mawimbi hata ya mtu mwenye afya. Nambakizia dawa ya mshipani tu."

Wakangoja. Mawimbi ya mikono yakapanda. Ya miguu, kimya. Daktari akalegeza vyuma, bado kimya.

"Tumwamshe nusu," Naa Dei akasema. "Maumivu hatayasikia. Akichezesha vidole, yuko salama."

Wakapunguza dawa, wakamwita kwa jina la kwenye faili. "Philomena! Chezesha miguu! Philomena!"

Hata kidole hakikusogea. Daktari akainamisha macho. Fiifi akaruka kutoka kitini.

"Hilo ni jina la bango!" Akainama sikioni. "Ekuwa! Ekuwa mpenzi, chezesha miguu, wateja wanangoja!"

Kidole gumba cha mguu wa kushoto kikajikunja. Kisha cha kulia.

"Mpenzi, eeh?" Naa Dei akacheka, machozi yakilowesha barakoa, huku akimrudisha usingizini. "Leo nimekujua, wewe!"

Fiifi akamshukuru Mungu, akamshukuru Naa Dei, akamshukuru na fundi aliyeandika lile bango.

Jioni, wodini, Ekuwa alikuwa macho, midomo mikavu.

"Posa ingevuma, wangejua wewe ni wangu, wasingeniruhusu humo ndani," Fiifi akamwambia. "Na nani angesoma mashine?"

"Maneno tu hayo."

Simu ya Ekuwa ikaita. Mjomba wake, akipiga kelele kama yuko sokoni: "Ekuwa! Asubuhi wazee wa Fiifi wamekuja kubisha hodi ya posa na chupa za kinywaji! Eti wameona ua zuri kwetu. Tukawaambia uko kwenye kisu. Wakasema wanajua, ndiyo maana wamewahi!"

Ekuwa akamgeukia Fiifi. "Asubuhi? Kabla hujajua kama nitatembea?"

"Kabla."

Vidole vya miguu vikacheza chini ya shuka.

"Pokea chupa, mjomba," akasema. "Huyu analijua jina langu."