Alhamisi kwa Jumamosi

Watu husema ndoa hupangwa mbinguni. Huenda ikawa kweli. Lakini ndoa hii ninayoisimulia ilianzishwa na mbuzi wa Likoni, tena mbuzi mwizi.

Ilikuwa Alhamisi ya likizo ya Aprili, mwaka wa sitini na mbili. Feri ilikuwa imetoka kisiwani na kushusha watu, baiskeli na mikokoteni, na njia ya kupandia ilijaa wachuuzi wa machungwa wakishindana kwa sauti. Kando ya njia aliketi Nyevu, msichana wa darasa la nane, mbele yake beseni la mahamri ya nyanyake. Kichwa alikuwa amekilaza magotini. Alikuwa amesinzia. Mbuzi akaja, akanusa kitambaa, akakivuta, akaanza kula hamri la kwanza bila hata bismillahi.

Watu wawili wasiojuana walimrukia kwa pamoja. Mwanamume alimshika pembe na mwanamke akamshika mkia. Mbuzi akabaki katikati, anatafuna.

"Nyevu!" wakaita wote wawili.

Msichana akazinduka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akajua siku yake imeharibika.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," wakajibu wote wawili, kisha wakatazamana juu ya mgongo wa mbuzi.

Mwanamume alikuwa Jamaludin, mzaliwa wa Kisauni, mwalimu wa hesabu katika shule ya serikali huko Likoni. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu na suruali ya kaki iliyopigwa pasi hadi mstari wake ukasimama wima. Mwanamke alikuwa Mwanarehema, binti wa Maalim Mwidani wa Mtongwe. Tangu macho ya babake yalipoingia ukungu, yeye ndiye aliyekuwa akimsaidia kusomesha watoto Kurani chuoni. Buibui lake lilikuwa limeteleza katika vita vile, na chini yake ilionekana leso ya rangi ya manjano na kikuba cha asumini. Jamaludin aliona vyote viwili, na akasahau kumwachia mbuzi.

"Mwanafunzi wangu huyu," alisema Mwanarehema akijitanda upya. "Mwamchosha na skuli yenu."

"Skuli imefungwa, dada. Basi amchoshaye ni nani, kama si chuo?"

"Ni hesabu za likizo ulizompa! Jana kaja nazo chuoni kazificha ndani ya juzuu."

"Alizipata?" aliuliza Jamaludin kwa hamu.

Mwanarehema alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. "Wewe kweli mwalimu. Hebu niambie, chuo ulisoma hata ukakhitimu?"

Jamaludin alikohoa. "Haya mahamri ni ya bei gani?" aliuliza, akayanunua yote, na yale yaliyolambwa.

Likizo ile iliwapa nafasi. Kila Alhamisi Mwanarehema alikwenda kwa Bi Mwanatabu, nyanyake Nyevu, kusaidia kukanda unga, na Jamaludin naye akajikuta kila Alhamisi ana shida kubwa ya mahamri. Waliketi barazani, Bi Mwanatabu kati yao na sinia lake, mikono kwenye unga na masikio wazi. Ikifika kipindi cha kicheko yeye ndiye aliyecheka zaidi. Walipendana, na hapakuwa na haja ya mtu kuapa, kwa sababu Mtongwe nzima ilikwisha kuona.

Kisha shule zikafunguliwa, na taabu ikaanza. Shule hufungwa Jumamosi na Jumapili. Chuo hufungwa Alhamisi na Ijumaa. Siku ambayo Jamaludin alikuwa huru, Mwanarehema alikuwa juu ya mkeka na watoto kutwa. Siku ambayo Mwanarehema alikuwa huru, Jamaludin alikuwa ubaoni na chaki hadi jua likaribie kuzama, na binti wa maalim haonekani njiani wakati wa magharibi. Watoto nao hawakuwa na siku hata moja ya kupumua, maana wakitoka huku waliingia kule. Lakini wapenzi wana kawaida ya kuiona taabu yao kwanza.

Iliyobaki ilikuwa simu. Salem mwenye duka la Mtongwe alikuwa nayo, kwa kuwa aliuzia kambi ya wanamaji vitu. Saa ya chakula Jamaludin alikimbia hadi hoteli moja karibu na feri, akapiga.

"Halo! Duka la Salem."

"Salem, nipe Mwanarehema."

"Hapa nna mchele, nna sukari, nna samli. Mwanarehema siuzi."

"Salem, wallahi!"

"Haya, ngoja. Huyu hapa, yuwajifanya kuchagua chumvi."

Sauti yake ikaja, ya chini. "Abee."

"Nyonda wangu. Umeshindaje?"

"Salama. Umekula?"

"Sauti yako yanitosha."

"Basi utalala na njaa, maana nimetumwa chumvi na nna haraka."

"Mwanarehema, nimechoka kukupenda kwa waya. Nitafanya jambo."

"Jambo gani?"

"Utaona mwenyewe."

Ole wake mwanamume asemaye "utaona mwenyewe."

Mwaka uliopita wanafunzi wachache sana walikuwa wamefaulu mtihani wa darasa la nane, na asiyefaulu hana sekondari. Mwalimu mkuu aliwakusanya walimu akauliza ni nani atakayesomesha darasa lile Jumamosi. Walimu wakatazama viatu vyao. Jamaludin akainua mkono.

"Mimi, bwana mkubwa. Ila naomba Alhamisi, baada ya adhuhuri, niwe huru."

Mwalimu mkuu aliona amepata kwa bei rahisi. Jamaludin naye alitoka ofisini akipiga mluzi. Alikuwa amejipatia Alhamisi! Haikumpitia kichwani kwamba darasa la nane lilikuwa pia nusu ya chuo cha Maalim Mwidani, na ndiyo nusu iliyosoma vizuri.

Jumamosi ile ya kwanza, Maalim Mwidani aliketi mahali pake, bakora mapajani. Bakora ile haikumgusa mtoto miaka mingi, aliishika kwa mazoea tu. Watoto walianza kusoma. Mzee akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Mwana," alimwita bintiye, "mbona sauti chache leo? Kuna maradhi mjini?"

"La, baba. Wakubwa wameitwa skuli."

"Jumamosi?"

"Jumamosi, baba."

Mzee aliupapasa mkeka ulio mtupu kando yake, mahali alipozoea kuketi Nyevu, akaendelea na wadogo. Mwanarehema aligeuza uso kwenye dirisha ili watoto wasimwone akilia.

Alhamisi iliyofuata, saa nane mchana, Jamaludin alitokea barazani kwa Bi Mwanatabu, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, mkononi ana kikuba kikubwa cha asumini.

"Jamaludin! Leo si siku ya kazi?" alisema Mwanarehema, na furaha ilimjia kabla hajaizuia.

"Si yangu tena. Kila Alhamisi, mpenzi, kuanzia leo. Nimebadilishana na mwalimu mkuu. Yeye kanipa Alhamisi, mimi nimempa..."

"Umempa nini?"

Ulimi ulikwisha kuteleza. "Jumamosi."

Bi Mwanatabu aliacha kukanda.

"Kumbe ni wewe," alisema Mwanarehema polepole. "Umeninunulia Alhamisi kwa Jumamosi ya babangu."

"Nilitaka kukufurahisha. Na watoto wana mtihani, Mwanarehema. Wasiposaidiwa, wengine ndio watakaoshika kazi zote uhuru utakapokuja, na wao watabaki kutazama."

"Nani kakataa wasisaidiwe? Ulimuuliza baba? Uliniuliza mimi? Mzee kaketi aupapasa mkeka mtupu, adhani mji umeingiwa na tauni! Nenda na maua yako."

"Nisikilize..."

"Nilikusikiliza tangu Aprili."

Akaondoka, buibui likipepea. Jamaludin akamgeukia Bi Mwanatabu, lakini huko nako kulikuwa na moto.

"Mjukuu wangu aamka kabla ya alfajiri, alala kama gogo," alisema kikongwe yule. "Mshika mbili, moja humponyoka. Basi mimi nitaiachia moja kabla haijaniponyoka."

"Ipi, bibi?"

"Ile isiyouliza."

Kesho yake Nyevu hakuja shuleni. Wala wiki iliyofuata.

Jamaludin alipiga simu kila siku.

"Salem, yupo?"

"Amesema nikwambie hayupo."

"Mwambie namwomba radhi."

"Amesikia. Amenunua chumvi tena. Nyumba ile sasa ina chumvi ya kutosha kambi nzima."

Niseme ukweli, kijana aliumia. Alisomesha Jumamosi mbele ya kiti kitupu cha Nyevu, msichana aliyekuwa akimaliza hesabu kabla chaki haijakauka mkononi mwa mwalimu. Alhamisi zake alizipata zote, na hakuwa na pa kuzipeleka. Alitembea ufukweni Mtongwe peke yake akizungumza na kaa. Na huko, akiwaza alivyoingilia nyumba ya mtu bila hodi, alikumbuka siku mamake alipomtia chuoni Kisauni. Alimshika mkono, sinia la bisi kichwani, akamwambia maalim maneno ambayo kila mzazi wa pwani huyasema, kumruhusu mwalimu amchape mtoto, mradi asimvunje. Alikumbuka pia alivyotoroka chuo kile, na kwamba hakurudi.

Jumamosi iliyofuata aliliambia darasa lake, "Leo somo liko Mtongwe. Nifuateni."

Njia nzima watu walisimama kumtazama: mwalimu wa serikali mwenye kanzu, sinia la bisi, tende na kashata kichwani, na nyuma yake darasa zima la nane wakibana midomo wasicheke. Alisimama mlangoni pa chuo.

"Hodi."

"Karibu. Nani?" aliuliza Maalim Mwidani.

"Mzazi, maalim. Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta mtoto?"

"Nimemleta."

"Aitwa nani?"

"Jamaludin."

Mwanarehema, aliyekuwa akiwaandikia wadogo mbao zao, aliinua kichwa. Kalamu ikadondosha wino juu ya leso.

"Hm," alisema mzee. "Mbona mzazi na mtoto wana sauti moja?"

Chuo kizima kikalipuka kwa kicheko. Jamaludin hakucheka. Alipiga magoti, akaweka sinia chini.

"Maalim, mzazi wangu yuko mbali, nimejileta mwenyewe. Niliishia Yasini, nikatoroka. Nimechukua watoto wako bila kukuuliza, na leo nimewarudisha. Nyama yako, mifupa yangu."

Kicheko kilikatika. Maneno yale mzee alikuwa ameyasikia maisha yake yote, lakini hakuwahi kuyasikia kwa mtu mwenye ndevu. Alinyoosha mkono, akaupapasa uso wa Jamaludin, kisha akaisukuma bakora chini ya mkeka.

"Mwana," akaita.

"Abee, baba."

"Msikilize mtoto huyu mgeni. Aanze Yasini."

Mwanarehema aliketi mbele yake. Uso wake ulikuwa mkavu. Jamaludin akasoma, akakwama.

"Rudia," alisema Mwanarehema.

Akarudia, akakwama palepale.

"Rudia."

Mara ya tatu akapita, jasho likimtiririka, na watoto wadogo wakampigia makofi. Mwanarehema akauma midomo asicheke, ikashindikana. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na yale machozi hayakuwa ya kicheko peke yake.

Siku hiyo mambo yalipangwa juu ya mkeka, mbele ya wazazi waliokwisha kujaa mlangoni. Jumamosi asubuhi itakuwa ya Kurani. Jua likipanda, Jamaludin atasomesha hesabu hapohapo. Na Alhamisi, baada ya adhuhuri, chuo kikiwa kimefungwa, darasa la nane nalo halitakuwa na masomo ya shule, watoto wacheze hadi wachoke kwa kucheza. Mwalimu mkuu alinung'unika, akaja mwenyewe kutazama, akakuta hakuna mtoto aliyekosa, akala kashata akaenda zake. Bi Mwanatabu alimrudisha Nyevu kwa mkono wake. "Sasa mmeuliza," alisema.

Jamaludin hakungoja. Alimposa Mwanarehema palepale.

"Binti yangu simpi mtoro," alijibu Maalim Mwidani. "Khitimu kwanza."

Mwanamume mwingine angelikata tamaa, maana kutoka Yasini hadi kuumaliza msahafu ni safari ndefu kwa mtu mwenye madaftari ya kusahihisha. Alisoma wakati wa mvua na wakati wa jua, na kila alipokosea sauti ileile ilimwambia, "Rudia." Desemba Nyevu alifanya mtihani, na matokeo yalipokuja alikuwa msichana wa kwanza wa ukoo wao kupata nafasi ya sekondari. Bi Mwanatabu alimwambia kila aliyenunua hamri, na asiyenunua pia. Katikati ya mwaka wa sitini na tatu, bendera ndogondogo za Madaraka zingali zimening'inia dukani kwa Salem, Jamaludin alikhitimu, akafunga msahafu.

Ilikuwa Alhamisi. Uani palinukia biriani ya mbuzi, zawadi ya Bi Mwanatabu, na mimi sikuuliza ni mbuzi gani. Jamaludin alikaa mbele ya maalim, na Mwanarehema alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, leso yake ya manjano ikionekana chini.

"Uliniambia nyama yangu, mifupa yako," alisema Maalim Mwidani. "Mimi leo sikwambii hivyo. Nyama na mifupa ya binti yangu ni yake mwenyewe. Ukitaka jambo, muulize yeye."

Jamaludin alijua kuuliza sasa. Alisogea karibu na pazia.

"Mwanarehema."

"Abee."

"Wanikubali niwe mumeo? Na siku zote, Alhamisi na Jumamosi, tuzipange pamoja?"

Nyevu, aliyesimama na sinia la sharubati, alisogea karibu asikie.

"Rudia," alisema Mwanarehema.

Jamaludin alishtuka. "Nimekosea wapi?"

"Hukukosea," alisema, na sauti yake ilikuwa inacheka na kulia. "Rudia tu. Nataka kuisikia tena."