Modemu ya Kuol

Kilichomkera Nyandeng kwanza kilikuwa kitaa cha modemu. Kila alasiri, kambi nzima ya wakimbizi ya Kakuma ikiwa imejificha jua, kompyuta ya mumewe, Kuol, ilijipigia mtandao yenyewe, kitaa kikawaka bila mtu kuigusa. Alikuwa amechoka hata kuikasirikia.

Kuol alipanda mashua kwenda kwao mwaka uliopita. Mashua ikazama mtoni, mwili haukuonekana. Kwa kuwa hakuna aliyemzika, Nyandeng alikataa kukaa matanga, na kila jioni akamtengea bakuli la uji wa mtama kando ya kompyuta yake.

Ethuro, fundi kutoka Lodwar, aliikagua huku akipiga miayo.

"Hii, mama, inajipigia kwa sababu kuna programu inaitisha intaneti. Hiyo ya kujipigia nimeizima."

"Na ikipiga tena?"

"Itapigaje? Modemu naenda nayo."

Pikipiki yake ilipoondoka, Nyandeng alijilaza kidogo. Harufu ya tope la mto ndiyo iliyomwamsha, na nje vumbi lilikuwa vumbi lile lile. Binti yake mdogo, Achan, alikuwa akinong'ona mbele ya kompyuta.

"Unaongea na nani?"

"Baba. Anasema maji si baridi. Anasema nimfuate."

Nyandeng alimvuta mtoto kifuani, na pale kwenye kioo, ingawa modemu ilikuwa njiani kwenda Lodwar, neno "Inapiga" lilikuwa likiwaka na kuzimika, na mvumo wa mashine ukawa kama wa mtu anayetafuta pumzi majini, na tope likazidi kunuka hadi akahisi limemjaa kooni, ndipo akajua ni nani aliyekuwa akiitisha, na ni nani aliyemkaribisha jioni baada ya jioni.

Akalitwaa bakuli, akalifudikiza mezani.

"Umekufa, Kuol," akasema, na kwa mara ya kwanza akamlilia. "Nimechoka, baba Achan. Nenda zako. Mtoto niachie."

Kioo kikazimika. Harufu ikapungua, ikaisha. Nyandeng akaketi mlangoni, akanyoa nywele zake kama wafiwa wa kwao, kisha akaenda kuzifukia nyuma ya nyumba. Alijihisi mwepesi, na usingizi ulimjia akiwa bado amesimama.

Aliporudi ndani, bakuli lilikuwa limeinuliwa, limejaa uji mpaka ukingoni. Achan alikuwa ameshika mwiko.

"Ulisahau kumwekea baba," akasema. "Nimemwekea mimi."

Nyuma yake kompyuta ikaanza kupiga.