Njia ya Kwenda kwa Mjomba Anselm

Basi la shule lilipomshusha kwenye kona, Eliakunda alifanya mambo yale yale kila siku. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, akavua viatu mlangoni, akapasha wali na maharage, akala amesimama dirishani, kisha akafungua vitabu mezani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na alishazoea kukaa peke yake saa hizo. Mama yake, Pamela, alikuwa muuguzi katika hospitali moja huko Maplewood, na jioni, magari yakiwa yamebanana, kurudi kutoka huko hadi kwao Brooklyn Park, huko ughaibuni, kulitaka uvumilivu.

Machi hiyo, theluji ilipoanza kuyeyuka, Eliakunda alikuwa na kazi nyingine zaidi ya masomo. Alikuwa anapanga safari.

"Wewe ndiye mtu wa ramani humu ndani," mama yake alimwambia. "Mimi nikiangalia ratiba za meli macho yanaingia ukungu. Tupangie njia, tupangie na mahali pa kulala. Nitakuja kukagua mwishoni."

Walikuwa wanakwenda kwenye visiwa vya mbali vya Skotilandi, huko alikofia mjomba wake Anselm.

Anselm, mdogo wake Mama, alisomea ufugaji wa samaki, akapata kazi ya kutunza vizimba vya samaki kwenye kisiwa kimoja ambacho kwenye ramani kilionekana kama chembe ya mchele. Mwaka juzi, asubuhi moja yenye upepo, boti yao ilipinduka kwenye mlango wa bahari unaotenganisha kisiwa kile na kisiwa kikubwa. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana tena. Watu wa kisiwani walimtafuta mpaka wakakata tamaa, wakasimamisha jiwe lenye jina lake kando ya kanisa. Huko Machame, Kilimanjaro, kwenye kihamba, shamba la urithi la familia, Bibi alikuwa na makaburi ya ukoo mzima, ila la mwanawe halikuwepo. Kila walipopigiana simu alisema neno lile lile: "Sijamzika mwanangu. Nipelekeni nikaone alipo."

Eliakunda alianza vizuri. Alipata ndege ya kuwafikisha Glasgow, na ya Bibi kutoka Kilimanjaro itakayofika siku hiyo hiyo, ili mzee asihangaike peke yake uwanjani. Akapata treni ya kwenda Oban, mji wa bandari. Alisoma kwamba upepo ukichafuka meli hazitoki, basi akaweka na hoteli ya usiku mmoja wa akiba pale Oban. Mama yake aliposikia hilo alicheka kwa fahari, akawasimulia wenzake kazini.

Kisha akafika kwenye meli. Kutoka Oban kulikuwa na meli kubwa hadi kisiwa kikubwa, halafu kivuko kidogo hadi kwenye chembe ile ya mchele, ambako nyumba ya wageni ilikuwa moja tu. Kwenye ratiba palichorwa ramani, na juu ya rangi ya buluu mstari wa nukta ulionyesha njia ya kivuko. Mstari ule ulipita katikati ya mahali pale pale.

Eliakunda aliutazama mpaka chai yake ikapoa. Tutapita juu yake, aliwaza. Mjomba yuko chini hapo, na sisi tutapita juu yake.

Akafunga kompyuta.

Kuanzia siku hiyo nyumba ikaingiwa na sauti ya maji. Theluji ya paa iliyeyuka na kudondoka nje ya dirisha mchana kutwa. Mabomba yaliguna ukutani kama mtu anayetaka kusema jambo. Akioga, hakuthubutu kufumba macho hata sabuni ikimwingia. Na pale mlangoni lilining'inia koti la Mjomba, alilolisahau Krismasi aliyokuja kuwatembelea. Mama hakutaka liondolewe. Mlango ulipofunguliwa, upepo uliingia ndani ya koti lile, mabega yakajaa, mikono ikasogea kidogo. Eliakunda akawa anapita upande wa pili wa ukuta, mgongo ukigusa rangi.

"Meli na nyumba ya wageni vipi?" Mama aliuliza jioni moja, akivua soksi zake za kazini.

"Tayari, Mama," Eliakunda alijibu. Neno lilitoka lenyewe.

"Mungu akubariki, mwanangu."

Jumapili yake Mama alimpigia Bibi na kumweleza kwamba kila kitu kimekamilika. Walimsikia Bibi akilia polepole, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Eliakunda aliingia bafuni, akafungua bomba ili asimsikie, kisha akalifunga haraka kwa sababu ya sauti ya maji.

Alijiambia kwamba nyumba ile ya wageni ikijaa, safari itakufa yenyewe, na hakuna atakayemlaumu mtoto.

Jumamosi moja walikwenda mtaa wa Frogtown kununua unga na samaki wakavu. Walipokuwa wanavuka barabara ya University, mwanamume mmoja aliyekuwa kituoni aliwapa mgongo. Alikuwa mrefu, bega moja limeinama, kofia imevutwa mpaka masikioni. Mjomba alisimama hivyo hivyo. Eliakunda alimtazama mama yake, lakini Mama alikuwa ameinama anatafuta funguo za gari kwenye mkoba, huku funguo zenyewe kazishika mkononi. Mwanamume aligeuka. Alikuwa mtu mwingine kabisa, mwenye ndevu. Njia nzima ya kurudi walizungumzia bei ya samaki.

Mtu pekee aliyejua ukweli alikuwa Jeptoo, rafiki yake Mkenya waliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi la shule.

"Hujabuku meli wala ile nyumba ya kisiwani?" Jeptoo alimuuliza, macho yamemtoka. "Na shosho wako kule Machame anajua mko sawa?"

"Anajua tuko sawa."

"Eli, si umwambie tu mathako akitoka hospitali? Hata akikasirika, atakasirika aishe. Hii kitu yako haiishi. Angalia vile umekonda."

Eliakunda aligeuza uso dirishani. Maji ya theluji yalikuwa yamejaa pembeni mwa barabara, na basi lilipita juu yake likiyarusha.

Ilipofika Aprili, alfajiri moja, Bibi alipanda basi kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam. Jumatatu alitakiwa ofisi ya viza, na angelala kwa ndugu yao, Mama Timothy, huko Ubungo. Huku Brooklyn Park ilikuwa Jumamosi asubuhi, na Mama alikuwa nyumbani.

"Eli," alisema kutoka jikoni, "nitumie ule uthibitisho wa nyumba ya wageni. Mama Timothy anataka kuuchapisha leo. Pale ofisini Bibi ataulizwa atalala wapi."

"Nakuja, Mama."

Aliingia chumbani, akafungua kompyuta. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alitafuta ile nyumba ya wageni. Wiki yao ilikuwa imejaa. Alichokuwa anakingojea kimetokea, na badala ya kupumua alitafuta tena na tena kama kuna chumba kilichobaki.

Alikuwa na uthibitisho wa hoteli ya Oban. Alijua namna ya kubadilisha maandishi yake. Alifuta jina la hoteli, akaandika la nyumba ya wageni, akabadilisha tarehe. Kazi ilikwenda upesi. Akasoma kutoka juu, na kwenye nafasi ya mgeni akakuta majina ya Bibi, yote matatu, alivyoyaandika yeye mwenyewe siku zile alipokuwa anafanya kazi kwa furaha. Akamwona Bibi amesimama mbele ya dirisha la ofisi, kitenge chake cha kanisani kimekazwa vizuri, anakabidhi kwa mikono miwili karatasi ya uongo aliyopewa na mjukuu wake.

Akaifuta. Akatoka akiwa ameibeba kompyuta, akaiweka mezani mbele ya mama yake.

Eliakunda alizoea kumjibu mama yake kwa Kiingereza. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili, na kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa na maneno machache, hakupata namna ya kuzungukazunguka. "Nilikudanganya, Mama. Meli sijakata. Nyumba sijaweka. Sasa imejaa. Na nilikuwa nataka kutengeneza karatasi ya uongo."

Mama alizima jiko. Alikaa. Uso wake ulibadilika, na Eliakunda alingoja sauti ipande, lakini haikupanda.

"Bibi yako yuko ndani ya basi," Mama alisema. "Amekaa humo tangu alfajiri, na miguu yake ile. Kwa nini, Eliakunda?"

"Kivuko kinapita pale pale. Mjomba yuko chini. Tutapita juu yake, Mama." Akaanza kulia. "Na yuko humu ndani. Namsikia kwenye maji. Nilimwona Frogtown."

Mama aliangalia koti pale mlangoni.

"Hata mimi nilimwona," alisema. "Yule mtu wa kituoni. Nilitafuta funguo ili usinione uso." Akamvuta karibu. "Unajua kwa nini nilikupa wewe kazi ya kupanga safari? Nilisema unajua ramani. Kweli unajua. Lakini mimi ni mtu mzima, na sijawahi kuthubutu kuifungua ile ramani hata mara moja. Nilikutwisha mzigo ulionishinda. Hilo ni langu, nakuomba radhi. Uongo ni wako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Basi futa machozi. Twende tukaitengeneze pamoja."

Walitafuta namba ya simu ya kisiwani. Mama alitaka kuzungumza yeye, lakini Eliakunda aliomba simu. Mwenye nyumba ya wageni alijitambulisha kwa jina la Fiona. Alikuwa mama mtu mzima mwenye Kiingereza kigumu kukifuata, anayeongea taratibu. Ndiyo, alisema, nyumba imejaa wiki hiyo. Kuna harusi kisiwani. Alisikitika sana.

"Tunakuja kumwona mjomba wangu," Eliakunda alisema. "Anaitwa Anselm."

Upande wa pili kilisikika kiti kikivutwa.

"Wewe ndiye Eli," Bi. Fiona alisema. "Alikuwa anakusema wewe na ramani zako. Alikaa hapa kwangu kabla hajapata nyumba. Kile chumba cha juu ya jiko sijampa mtu tangu siku ile. Nafungua dirisha asubuhi, nafunga jioni, basi. Mtalala humo, kama hamuogopi."

Eliakunda angeweza kusema haogopi. "Naogopa," alisema. "Naogopa na kivuko pia. Kinapita pale alipo."

"Ndiyo, kinapita," Bi. Fiona alisema. "Baba yangu naye yuko kwenye maji haya. Mimi nilikuwa na umri kama wako. Mwaka mzima sikutia mguu kwenye chombo, na nyumbani nilisema tumbo linaniuma. Kisha siku moja nikapanda. Niliogopa njia nzima, na bado nilifika."

Siku hiyo hiyo alituma kwa barua pepe mwaliko wenye anwani yake na majina yao watatu. Mama alikata tiketi za meli mwenyewe, kidole chake kikifuata mstari wa nukta kwenye kioo, na Eliakunda akimwelekeza. Basi la Bibi lilipoingia Dar es Salaam, karatasi ilikuwa imeshachapishwa kwa Mama Timothy. Mwezi uliofuata viza ikatoka.

Walisafiri mwezi Juni. Bibi alitokea mlangoni pale uwanja wa Glasgow akiwa mdogo kuliko kwenye simu, na alipokwisha kuitikia shikamoo zao alisema tu, "Haya, twendeni." Meli kubwa ilikuwa tulivu. Kivuko kidogo hakikuwa tulivu. Kiliinuka na kushuka, na maji ya kijivu yakapiga ubavuni. Eliakunda na Bibi walikaa kwenye benchi la chuma huku wameshikana mikono. Mama alisimama kwenye reli.

"Bibi," Eliakunda alisema, "kuna jambo sijakuambia." Akamsimulia lote, na ile karatasi aliyoitengeneza na kuifuta.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. "Mimi niliogopa tangu ndege ilipoinua pua," alisema. "Na kabla ya hapo niliogopa kijijini. Nilimwambia mchungaji, nikawaambia majirani, nikamwambia hata yule binti wa ofisi ya viza. Kila niliyemwambia alinibebea kidogo. Wewe ulijifungia peke yako na woga wako, ukawa unaulisha uongo. Ndiyo maana ulikua mpaka ukajaa nyumba nzima. Kuogopa si kosa, mjukuu wangu. Usimdanganye tena mtu anayekutegemea. Ukiogopa, njoo useme tu kwamba unaogopa. Sisi tupo."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya. Wewe ndiye unayejua ramani. Ni wapi?"

Eliakunda alitazama kisiwa nyuma yao na kisiwa mbele yao. Hakuhitaji kufungua simu. Alingoja mpaka mnara wa kanisa ulipotokea nyuma ya kilima.

"Ni hapa, Bibi."

Yeye na Mama walimsaidia kusimama, mmoja kila upande. Bibi alishika reli, akainama kidogo kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala.

"Anselm," aliita. "Mama yako nimefika."

Upepo ulilichukua neno lile. Mama aliweka mkono mdomoni. Kivuko kiliendelea kupita juu ya maji yale yale, taratibu, na Eliakunda alitazama chini, macho wazi.

"Shikamoo, Mjomba," alisema.